MBONA KUKU WA KIJIJINI HAWAONGEZEKI?

Wazee wetu walisema: Kuku wa maskini hatagi; akitaga, haangui; akiangua, halei; na akilea, huchukuliwa na mwewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuwa maneno haya ni ya mzaha tu, ya kumcheka mtu asiye na bahati. Sasa, baada ya kujifunza kidogo habari za magonjwa katika somo la biolojia, na baada ya kuulizauliza nyumbani wakati wa likizo, naona kuwa aliyetunga methali hii alikuwa mfugaji hasa. Ametaja karibu mambo yote yanayomzuia mtu wa kijijini asipate faida ya kuku wake. Nasema karibu yote, maana moja hakulitaja, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Nataka kulieleza katika gazeti letu, kwa sababu wengi wetu hapa shuleni tulikuja na masanduku yaliyonunuliwa kwa kuku, nasi twasahau.

Habari ninazoeleza ni za kwetu, mkoa wa Singida. Msomaji atokaye Dar es Salaam huenda amekwisha kula kuku wetu bila kujua walikotoka, maana huchukuliwa kila siku kwa magari, wamejaa katika matenga, mpaka masoko ya huko. Watu wa mjini huwapenda kwa kuwa nyama yao ni ngumu kidogo na ina ladha. Basi mtu aweza kudhani kuwa watu wa kwetu ni matajiri wa kuku. Sivyo. Nyumba nyingi zina kuku 10 au 15, na mwaka ujao ukirudi utawakuta wale wale 10 au 15.

Tufanye hesabu. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia. Baada ya siku 21 vifaranga hutoka. Huwalea miezi miwili au mitatu, halafu huanza kutaga tena. Kwa njia hii aweza kuangua mara tatu kwa mwaka. Tuseme kila mara apata vifaranga 9 tu. Mama yangu ana mitetea 5. Yapasa apate vifaranga 135 kwa mwaka. Tukila kuku mmoja kila mwezi, na wageni wakala wengine 10, na wengine 20 wakauzwa, bado yapasa wabaki zaidi ya 90. Mbona hatuwaoni? Wamekwenda wapi?

Tumfuate mwenye methali. Kwanza alisema kuku wa maskini hatagi. Hili ni jambo la chakula. Kuku wa kijijini hujitafutia mwenyewe, na watu wengi hujisifu kuwa hawatumii hata senti moja kumlisha. Mwezi wa Mei mpaka Julai maneno hayo ni kweli, kwa kuwa mtama, uwele na alizeti huwa vinapurwa na kupepetwa, na kila ua una punje zilizomwagika. Wakati huo mayai huwa mengi hata watoto huyachezea. Lakini Januari na Februari ghala huwa karibu tupu, na tena mbegu zimepandwa. Kuku wakifukua mtama wa jirani, ugomvi wake waweza kufika kwa mtendaji wa kijiji. Basi watu huwafunga kamba au huwafungia ndani kutwa, bila kuwapa kitu ila pumba kidogo. Kuku wa namna hii hawezi kutaga, hata angekuwa wa kabila gani.

Dawa ya njaa hii si lazima inunuliwe. Bibi yangu alinifundisha kutega mchwa. Huchukua chungu kikuukuu, hukijaza mabua na mavi makavu ya ng'ombe, hukinyunyizia maji, kisha jioni hukifudikiza juu ya tundu la mchwa. Asubuhi chungu huwa kimejaa, na kuku hukimbilia kana kwamba wameitwa harusini. Huku kwetu pia alizeti hukamuliwa mafuta karibu kila kata, na mashudu yake ni chakula kizuri sana yakichanganywa na pumba. Lakini jambo linalosahauliwa kuliko yote ni maji. Wakati wa kiangazi ndoo moja huchotwa mbali, na hakuna anayemkumbuka kuku. Naye akikosa maji siku moja au mbili huacha kutaga, hata kama ameshiba.

Akitaga, haangui. Hapa lawama si ya kuku. Mtetea akiatamia katika kiota chenye utitiri huumwa usiku na mchana mpaka ayaache mayai yakapoa. Majivu katika kiota, au majani makavu ya tumbaku, husaidia sana, na nyasi za kiota zibadilishwe kila anapoanza kuatamia. Mayai nayo yachaguliwe. Yai lililokaa zaidi ya majuma mawili ni la kula tu, tena likumbukwe kuvunjwa katika bakuli kwanza. Kuna werevu mwingine ambao bwana mifugo wetu alituonyesha. Mitetea 2 au 3 ikiwekwa iatamie siku moja, vifaranga wote waweza kupewa mama mmoja awalee, na hao wengine wakarudi kutaga mapema badala ya kupoteza miezi miwili. Yafaa vifaranga waingizwe usiku, wakati mama haoni vizuri, maana mchana wengine huwadona watoto wasio wao.

Akilea, huchukuliwa na mwewe. Siongezi mengi hapa, kila mtu amemwona mwewe. Kuna na nguchiro, na kicheche, na kunguru pia. Kifaranga akifunikwa na tenga majuma manne ya kwanza, akalishwa humo humo pamoja na mama yake, wengi watapona. Tenga la fito halina gharama ila kazi ya mchana mmoja. Usiku kuku walale katika banda lililoinuliwa juu ya nguzo, si chini ya kitanda cha bibi wala juu ya mti.

Haya yote yaweza kufanywa na mtu yeyote. Sasa swali langu ni hili: mbona hayafanywi? Mama yangu anajua habari za tenga. Baba yangu anajua kujenga banda, na nguzo zipo. Jibu nililipata siku moja nilipomwuliza baba kwa nini haongezi banda la kuku, naye akacheka akasema, "Nimjengee nani nyumba? Mdondo ukija nitalala humo mimi?"

Hilo ndilo jambo ambalo methali haikulitaja. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni ugonjwa unaoletwa na kirusi. Wataalamu waliutambua mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza, na kwa sababu hii katika vitabu huitwa ugonjwa wa Newcastle. Katika Afrika ya Mashariki uliandikwa kwanza Mombasa, mwaka 1935. Yamkini wale waliotunga methali zetu hawakuujua, kwa hiyo tusiwalaumu.

Kuku mwenye mdondo huzubaa, hushusha mbawa na kusimamisha manyoya. Huharisha choo cha kijani, huhema kwa shida, na wengine hupinda shingo kama mtu anayetazama nyuma. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Walala wazima, asubuhi wamekufa. Ukiingia katika kijiji ambacho kuku hawajachanjwa, waweza kuua 9 katika kila 10. Hauna dawa. Watu wengi wa kwetu hununua vidonge vya kuua bakteria, wakavisaga katika maji, na wengine huweka shubiri mwitu na pilipili. Vidonge vile haviwezi kuua kirusi, hata ukivimimina chupa nzima. Yule kuku mmoja apataye kupona hupona kwa nguvu za mwili wake, nayo sifa huenda kwa pilipili.

Kwetu mdondo hupiga zaidi wakati wa kiangazi, tangu Agosti hadi Novemba. Sasa msomaji aangalie jambo hili vizuri. Watoto wanaochaguliwa kuingia kidato cha kwanza huanza shule Januari. Ada haitozwi, lakini sare, viatu, madaftari, godoro, ndoo na sanduku hayaji yenyewe, na kwa nyumba isiyo na ng'ombe benki yake ni kuku. Basi ugonjwa huu huingia benki na kuiteketeza miezi miwili au mitatu kabla ya siku ya kuchukua fedha.

Mwaka 2021 ulitupata sisi. Mama alikuwa na kuku 41, kwa sababu kaka yangu alikuwa amemaliza darasa la saba na mama alikuwa akiwatunza kwa ajili yake. Mwezi wa Oktoba shangazi alitutembelea akatuletea jogoo mwekundu, mzuri kweli, aliyemnunua mnadani njiani. Tulimfungulia siku ile ile akachanganyika na wengine. Siku ya nne alizubaa. Tukamchinja upesi tukamla, na manyoya na matumbo tukayatupa nyuma ya nyumba kama ilivyo desturi. Baada ya majuma mawili tulibaki na kuku 3. Kaka alikwenda shule majuma matatu baada ya wenzake, na mbuzi aliyeuzwa kwa ajili hiyo hakuwa wa kuuzwa.

Methali nyingine yasema, Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tulikuwa tukiisema kila siku, na jogoo yule hatukumfunga hata uzi. Kuku mgeni yafaa akae peke yake majuma mawili, mbali na wengine, na yule anayemlisha aoshe mikono na viatu. Aliyekufa afukiwe chini sana au achomwe moto, wala matumbo yake wasipewe mbwa, maana mbwa huyaburuta mpaka kwa jirani. Kirusi hiki hukaa katika kinyesi, na kinyesi husafiri kwa miguu ya watu, kwa magurudumu ya baiskeli, na hasa kwa matenga ya wachuuzi. Mchuuzi hupita vijiji vitano kwa siku na tenga lile lile. Na habari za ugonjwa zikisikika, kila mtu hukimbilia kumwuzia upesi kabla kuku hajafa, hata kwa nusu ya bei. Kwa hiyo kuku wagonjwa hutawanywa mkoa mzima siku zile zile ambazo yapasa wasitoke hata uani. Simlaumu mwenye kuuza. Mama naye alitaka kuuza, ila mchuuzi alichelewa.

Hakuna dawa, lakini kinga ipo, tena rahisi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitengeneza chanjo iitwayo I-2 kwa ajili ya vijiji vya nchi kama yetu. Uzuri wake ni kuwa haiharibiki upesi kwa joto kama chanjo za zamani, ambazo zikikosa barafu safari ya siku moja huwa maji matupu. Hapa Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hutiwa tone moja katika jicho moja, na tone ni lile lile kwa kifaranga na kwa jogoo mkubwa. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bei ya tone haifiki bei ya yai moja.

Basi msomaji atauliza, kama ni rahisi hivi, kuku wanakufa kwa nini? Nami niliuliza hivyo. Jibu limo katika chupa. Chupa ya chanjo hutosha kuku wengi, mamia pengine, na ikisha kuchanganywa na maji hapana budi itumike siku ile ile, haiwekwi akiba. Mama yangu mwenye kuku 15 hawezi kununua chupa nzima akamwaga iliyobaki. Na hata angeweza, faida ingekuwa nusu, maana kuku wetu hawana ua. Asubuhi hula kwetu, mchana kwa jirani, jioni huoga mavumbi njiani pamoja na kuku wa kitongoji kizima. Vifaranga wanaoanguliwa baada ya chanjo hawana kinga mpaka zamu ijayo, na kama kuku wa jirani wanaumwa, hao hufa. Kwa hiyo mtu aweza kumlisha kuku peke yake, na kumjengea peke yake, lakini kumkinga na mdondo peke yake hawezi. Ng'ombe wa mtu ni wake; kuku, kwa habari ya ugonjwa, ni wa kitongoji.

Mwaka 2022 akina mama wa kitongoji chetu walipatana nyumba 8. Kila mmoja alitoa fedha kwa hesabu ya kuku wake, na kijana mmoja aliyefundishwa na bwana mifugo akapita alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Neno hili la alfajiri ni kubwa. Anayesubiri mpaka saa mbili atakimbiza kuku kutwa na kuchanja nusu yao. Kazi yangu ilikuwa kushika kuku, na mikwaruzo ninayo mpaka leo.

Nyumba nyingine zilikataa. Wako waliosema chanjo huua kuku, nao hawakusema uongo kwa kadiri ya macho yao. Zamani mtu mmoja alichanja wakati mdondo umekwisha kuingia bandani mwake. Mwili wa kuku hutaka kama majuma mawili kujipatia nguvu baada ya chanjo, na wake walikuwa na kirusi tayari, kwa hiyo walikufa wote, naye akatangaza kila mahali kuwa ameuziwa sumu. Maneno ya mtu aliyefiwa na kuku 30 yana nguvu kuliko kitabu. Ndiyo sababu chanjo yapasa ianze wakati kuku ni wazima na watu wanaona hakuna haja.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, mdondo ulipita kijiji cha pili ukaja kwetu. Nyumba 8 zile hazikusalimika kabisa. Mama alipoteza vifaranga 11 walioanguliwa Agosti, na mtetea mmoja aliyekuwa porini siku ya chanjo. Waliobaki walisimama. Mwezi wa Desemba aliuza kuku 12, wakati bei ni nzuri kwa sababu ya Krismasi, nami nikapata sanduku langu, godoro, na viatu hivi ninavyovaa. Nyumba zilizotoa fedha safari iliyofuata zilikuwa 17.

Tangu hapo nimeona jambo jingine. Baba amejenga banda. Hakuna mtu aliyemwambia. Alipoona kuku wamevuka kiangazi mara mbili, alikata nguzo mwenyewe. Mama amenunua mashudu. Maarifa yote ya tenga na viota, ambayo tulikuwa nayo siku zote, yameanza kutumika, kwa sababu sasa kuna kuku wa kuyatumia. Wale wanaokuja kijijini kutufundisha kulisha kuku vizuri wangeanza na tone la jicho. Mtu hawezi kumnunulia chakula kuku ambaye anadhani atakufa Oktoba.

Sitaficha pia kuwa kumetokea neno ambalo hatukulitazamia. Kuku walipokuwa 10 walikuwa wa mama, na hakuna mwanamume aliyewajali. Walipopita 50, na mchuuzi alipokuja na gari badala ya baiskeli, akina baba walianza kuwahesabu. Nyumbani kwetu limesemwa likaisha, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa na daftari la chanjo na hesabu yote imo humo. Katika nyumba nyingine halijaisha.

Wenzangu wa bweni wameniuliza kama si bora kufuga kuku wa kigeni au machotara, kama Kuroiler na Sasso, ambao hukua upesi na hutaga sana. Kwa mtu aliye karibu na mji, mwenye chakula cha kununua na soko la kila siku, huenda ni bora. Lakini hao huatamia kwa nadra, kwa hiyo kila mara hununuliwa vifaranga wapya, na chakula chao hakipatikani kwa kuparura. Kuku wa kwetu, kama kuchi na kishingo na wale wadogo wasio na jina, huatamia, hulea, humjua mwewe kwa kivuli chake tu. Nao wote, wa kigeni na wa kienyeji, mdondo huwaua.

Mdogo wangu amemaliza darasa la saba muhula huu. Jumapili iliyopita mwalimu wa zamu aliniruhusu kupiga simu nyumbani, na mama aliniambia kuwa kuku ni 52, pamoja na matembe 9 (simaanishi nyumba zetu za udongo, bali kuku majike ambao hawajaanza kutaga). Chanjo ya Septemba imefanyika. Nyumba zilizochanja ni 19, mbili zimekataa tena, na moja katika hizo mbili ni ya mzee jirani yetu, ambaye kuku wake hushinda uani kwetu.